Mkwe na Nafasi ya Woga

Springi ni kama ndoa, alikuwa akisema Pumzi: inafanya kazi vizuri ikiwa imebanwa, na siku ikiachiwa ghafla, aliye mbele yake ajiombee. Aliyasema hayo mezani, mkewe akiwa amekaa mbele yake na kisu cha kumenyea viazi mkononi, ndipo ujue kwamba ujuzi wa chuma ni kitu kimoja na akili ya kuishi ni kingine.

Alikuwa fundi kwenye karakana ya bunduki za upepo. Jina la Pumzi alipewa humo humo, kwa sababu bunduki ikifyatuliwa alifumba macho na kuinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Wenzake walisikia "pa". Yeye alisikia springi ikitetemeka, pistoni ikigonga ukuta, hewa ikivuja pembeni ya mpira. Nyumbani hakuwa na nafuu. Akilala chali, vidole vyake vilianza kutembea juu ya godoro vikitafuta springi iliyochoka, na akiipata alitoa hukumu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "godoro hili umelipapasa kuliko ulivyonipapasa mimi."

"Wewe hujalegea."

"Asante. Nitamwambia mama."

Bunduki ya upepo haina baruti. Unaukunja mtutu kama mtu anayevunja kuni, na springi nene iliyomo ndani inabanwa. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni, pistoni inaikaba hewa, na hewa ikikosa pa kukimbilia inatoka na risasi. Ni teke la punda lililofungiwa ndani ya bomba. Na punda ni punda: anampiga aliye mbele, anamtingisha aliye nyuma, halafu anabaki akilia. Pumzi alimaliza ujana wake, na sehemu kubwa ya nywele zake, akimfundisha punda huyo adabu.

Akafanikiwa. Bunduki yake ilikuwa na mwendo mrefu wa pistoni, na springi iliyoukumbatia mhimili wake bila kuacha nafasi ya kutikisika. Ikifyatuliwa ilikohoa mara moja, kwa heshima, ikanyamaza. Aliiita Mkwe, kwa sababu iliongea kama mtu aliye mbele ya wakwe zake: kwa sauti ya chini, na bila kurudia.

Shida ilikuwa sokoni. Karakana iliuza katika nchi nyingi, na kila nchi ilikuwa na sheria yake juu ya nguvu ya bunduki hizi. Mafundi walizigawa wenyewe. Kulikuwa na Wababe, ambao hawakuweka kikomo, na bado waliandika malalamiko kwamba bunduki haitoboi gari. Kulikuwa na Wa Katikati, walioruhusu kiasi, mradi usiwatie aibu. Halafu Wapole. Sheria ya Wapole ilichora mstari. Chini ya mstari, bunduki ni kitu cha kulengea makopo, kinauzwa duka moja na mbegu za maua. Juu ya mstari, hata kwa unene wa unywele, ni silaha, na aliyenayo bila kibali analala ndani. Kitako kilekile, mtutu uleule, tofauti springi tu.

"Inavuka mpaka inapata dhambi," alisema Shangazi, mama aliyekaa meza ya pili akipima mwendo wa risasi kwa mashine. Hakuwa na mpwa hata mmoja mle ndani, lakini kwa mdomo ule hakuna aliyethubutu kumwita dada.

Ndiyo maana karakana ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Springi ya Wapole ilikatwa mpaka bunduki ishuke chini ya mstari, kisha ikakatwa tena kidogo. Kipande hicho cha pili kiliitwa nafasi ya woga. Siku ya joto grisi inalainika na bunduki inapata kiburi. Risasi nyepesi nayo inaipa bunduki ya springi nguvu zaidi kuliko risasi nzito. Nani anajua kule itakutana na nini? Bora uogope mapema, ukiwa kwako. Vipande vya woga vilijaa kwenye ndoo chini ya meza, na Pumzi aliichukia ndoo ile kuliko alivyomchukia Meneja, ambaye angalau alikuwa akienda likizo.

Meneja ndiye aliyeleta habari. Alikuwa kijana aliyesomea biashara, mwenye viatu vyenye ncha inayofika kabla yake.

"Mzee, Wapole wameikubali sampuli ya Mkwe. Wanataka mzigo mzima. Wakiupokea vizuri, Mkwe inakuwa bunduki ya karakana, na jina lako tunalibandika ukutani."

"Na wasipoupokea?"

"Tunageukia springi za milango. Kuna mtu anazitaka kwa fujo. Milango haina sheria."

"Ile springi ya sampuli niliisokota kwa mkono. Nipe muda nisokote za mzigo hivyo hivyo, kwa waya mwembamba, zitoshee huku nguvu ikishuka."

"Meli haisubiri. Kata zilizopo."

Akakata. Bunduki ikashuka chini ya mstari, kwa unywele, na bado ilikohoa kwa heshima. Akaikata nyingine nafasi ya woga, akaifyatua, akafumba macho. Springi ilicheza ndani ya silinda kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Ililia. Ililia kama kitanda cha gesti. Mkwe alikuwa amelewa mbele ya wakwe.

Akaitupa chini. Zile nyingine zote aliziacha bila nafasi ya woga.

Shangazi alipoanza kupima, Pumzi alimsogezea kopo la risasi. Shangazi akaishika moja, akaipima kwa kiganja.

"Leo tunapima kwa nzito?"

"Ndizo zilizokuwa karibu."

"Na nyepesi zimeenda likizo na Meneja?"

"Pima tu, Shangazi."

"Kwa hizi zitapita. Kwa nyepesi, kaka, hazipiti, na wewe unajua."

"Kila sanduku nitaliwekea kopo la nzito. Watatumia hizi hizi."

Shangazi aliirudisha risasi koponi. "Unamwozesha binti, halafu unamchagulia na majirani," alisema. Lakini alipima, kwa sababu naye alikuwa amemsikia Mkwe akikohoa, na moyo wa mtu si mashine. Zikapita zote. Pumzi aliweka makopo sandukuni kwa mkono wake, moja moja, kama mama anayemfungia mtoto chakula cha safari.

Ofisa wa bandari ya Wapole hakulifungua kopo lolote. Kwa nini alifungue? Alikuwa na risasi zake kwenye droo, nyepesi, zile anazopimia kila kitu tangu aajiriwe. Bunduki ya kwanza ikavuka mstari. Ya pili ikavuka. Hakuhitaji kuchoka. Mzigo ukaandikwa silaha zisizo na kibali, na mwenye duka la mbegu za maua, aliyekuja na gari kuuchukua, akaondoka na gari la watu wengine, lenye king'ora.

Meneja hakupiga kelele. Alimwita Pumzi ofisini, akamsogezea simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha: mashine ya kubonyezea vyuma, na mbele yake lundo la bunduki zilizopondwa bapa kama makopo ya soda. Vitako vimepasuka, na springi zimechomoza huku na kule.

"Hiyo ya juu ndiyo yako?" Meneja aliuliza.

"Zote ni zangu."

"Ungekata kidogo tu, mzee. Kidogo."

Pumzi alitaka kumwambia kwamba kidogo hicho ndicho kilichokuwa Mkwe. Akaona ni maneno mengi kwa mtu anayesubiri simu yake irudishwe.

Hawakumfukuza. Huo ndio ukatili wenyewe. Michoro ya Mkwe iliondolewa kwenye karakana, na mashine zikafungwa upya kwa ajili ya milango. Kabla ya hapo, wakili wa karakana alitaka isibaki hata moja. Pumzi akaileta sampuli ya kwanza, ile ya mkono, akaifungua mbele ya watu, akaikata springi yake vipande na kuvidondosha ndani ya ndoo ya woga. Shangazi alitazama dirishani muda wote.

Siku hizi anatengeneza springi zinazofunga milango. Zikiwa na nguvu sana zinabana vidole vya watoto. Zikiwa dhaifu mlango unabaki wazi. Kwa hiyo anazikata, halafu anazikata tena kidogo. Hafumbi macho. Mlango hauna la kusikilizwa.

Jioni ya siku ile ya ndoo alifika nyumbani jua likiwa bado kali, akajilaza kitandani na viatu. Mkewe alikuja akakaa ukingoni. Alisubiri vidole vianze safari yao juu ya godoro. Alikuwa ameshaandaa na tusi. Vidole vilikaa pale vilipoangukia.

Akasubiri tena.

"Baba watoto," alisema mwishowe, "springi ya upande wangu imelegea. Inanichoma mgongo."

"Iache," alisema Pumzi, akageukia ukutani.