Ndiva Iliyojazwa kwa Ajili ya Mgeni

Baba alifariki kabla ndiva haijaisha. Kifua kilimshika akiwa bado anabeba mawe ya ukuta wake, na tulipomzika ukuta ulikuwa umefika kimo cha goti. Kaburini watu walimsifu sana. Matanga yalipokwisha wakapuliza pembe ya msaragambo, na mama akafunga kitambaa cheusi kichwani, akachukua jembe, akaenda kwenye kazi hiyo ya wote kama wengine. Asiyeenda alitozwa, na kufiwa na mume haikuwa udhuru wa kudumu.

Ndiva ni bwawa tunalojenga wenyewe huku milimani. Usiku maji ya kijito hulala humo, asubuhi kizibo cha mgomba na udongo huchomolewa, mfereji ukapeleka maji shambani, kila nyumba kwa zamu yake. Ile ya zamani ilibomolewa na mvua, nasi tukaonja njaa. Wanakijiji wakakubaliana kujenga kubwa zaidi. Serikali haikutuagiza. Serikali ilikuwa chini kule Same, kwenye joto, ikitafuta dawa ya uvivu wetu.

Ndiva ikaisha, ikajaa. Shamba letu la maharage lilikuwa linaanza kutoa maua. Mbegu zile alizichagua baba, moja moja, akazihifadhi katika kibuyu juu ya jiko, na hatukuwa na nyingine. Maharage yale yangekauka, hatungekuwa na chakula wala cha kupanda. Mama alikuwa akingoja zamu yake tu.

Ndipo jumbe akaita mkutano. Alikuwa binamu ya baba, na koti lake la sherehe alilivaa hata siku ya kuchinja mbuzi.

"Bwana Shauri, Mzungu wa serikali kule Same, amesikia habari za ndiva yetu," alisema. "Anakuja kuiona."

"Lini?" mtu akauliza.

"Karibuni."

"Basi tumwagilie, ijae tena, ndipo aje."

"Wewe kwako mgeni hukaribishwa kwa sahani tupu?"

Watu wakacheka, hoja ikafa. Ikaamuliwa kizibo kisiguswe mpaka mgeni aje. Siwezi kusema tulilazimishwa. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Hivyo watu waliojenga ndiva ili waikimbie njaa wakaweka vijana wawili wenye fimbo wailinde ndiva hiyo dhidi yao wenyewe. Bata wa porini, ambao hawakualikwa mkutanoni, walikuja wakaogelea. Ni wao tu waliofaidi maendeleo yale.

Zamu ya mama ikafika, ikapita. Akamfuata jumbe nyumbani kwake.

"Shemeji, maua yanadondoka."

"Vumilia, shemeji. Maendeleo yanataka subira."

"Mimi nitavumilia. Maharage sijui kama umeyaambia."

"Unataka kijiji kiaibike kwa ajili ya sufuria moja ya maharage?"

Mama akarudi. Jioni ile tulichota maji kijitoni kwa vibuyu, tukamwagia shina moja moja, mpaka mabega yakakataa.

Bwana Shauri alikuja wiki iliyofuata, amepanda mlima kwa miguu, uso mwekundu kama nyanya. Tukamkalisha kwenye kiti tulichoazima kanisani. Akaitazama ndiva, akafurahi, akahutubia, na karani wake akatafsiri. Alisema Wapare tujifunze kujisaidia wenyewe, tusikae tukingoja kusaidiwa. Tukamshangilia. Ilikuwa habari mpya kabisa kwa watu ambao mikono yao bado ilikuwa na malengelenge ya mawe.

Kisha akanyoosha fimbo yake chini bondeni, akasema neno kwa karani.

"Bwana anauliza," karani akasema, "mbona mashamba yale yamekauka, na maji yamejaa hapa?"

Jumbe akakohoa, akavuta koti.

"Mwambie yale ni mashamba ya wavivu."

Shamba la kwanza chini ya fimbo ile lilikuwa la baba.

Mama akainuka. Akashuka kwenye mdomo wa ndiva, nami nikamfuata. Vijana wa fimbo wakatazamana. Hakuna aliyewafundisha namna ya kumpiga mjane mbele ya mgeni. Tukashika kizibo, tukavuta pamoja, na maji yakaruka kwenye mfereji kwa ngurumo.

Bwana Shauri akasimama, akapiga makofi! Alidhani ni sehemu ya sherehe.

"Bwana anasema mama huyu ni mfano wa watu waliokubali mafunzo," karani akatangaza.

Jumbe akatabasamu kama mtu aliyepanga mambo yote mwenyewe. Mgeni alipoondoka, akamtoza mama kuku mmoja kwa kufungua maji bila pembe kupulizwa. Mama akampa yule aliyeacha kutaga.

Sitadanganya kwamba shamba lilipona lote. Upande wa juu ulikuwa umekufa tayari. Msimu ule makande yetu yalikuwa mahindi yanayotafuta maharage. Lakini kabla hatujapika hata punje, mama alikaa mlangoni akachagua mbegu, moja moja, kama baba alivyofanya, akazitia katika kibuyu kilekile. Hazikufika nusu. Akakirudisha juu ya jiko.