Bahasha ya Kura na Shahidi Wangu

Mwanangu, kuna Jumapili moja hapa mtaani kwetu Malvern ambayo nikiikumbuka bado naona haya, na leo nimeamua nikusimulie, maana umeshafika umri wa kupiga kura.

Nilikuwa mgeni Toronto, nimetokea Ayalandi. Huko ndiko nilikosoma chuo kikuu, nikafanya kazi, nikapata na uraia. Pasi ya Tanzania niliiacha, ya Kanada sikuwa nayo bado. Kura pekee niliyobaki nayo duniani ilikuwa ya Seneti ya Ayalandi, baraza la pili la bunge la kule. Kuna viti vichache vya Seneti vinavyochaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na mhitimu hata akiwa ng'ambo hutumiwa karatasi yake kwa posta. Lakini si wahitimu wote. Ni wa vyuo vikuu vichache tu vya zamani, na changu kilikuwamo.

Bahasha ilipofika, unajua niliifanya nini? Niliiweka mezani, nikatua juu yake sufuria ya pilau. Ujana huo!

Jumapili hiyo, siku zikiwa zimebaki chache, nikamwita dada Neema, Mchaga mmoja tuliyejuana tangu Ayalandi, fundi wa maabara huko Richmond Hill, mji wa jirani. Saini ya mpiga kura lazima ishuhudiwe na mtu mwingine, basi nikamkaribisha chai ili anishuhudie. Kura ya kule ni kuwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, na kuendelea; nikawa naziandika huku nacheka, huyu kwa sababu jina lake tamu, yule kwa sababu ana masharubu. Kisha nikamsogezea kalamu.

Neema akaitazama ile alama ya mafuta kwenye bahasha. Hakuishika kalamu.

"Salimu mdogo wangu, mimi nimesoma miaka minne kama wewe. Pasi yetu moja, kodi tumelipa kulekule. Chuo changu tu ndicho hakimo. Leo unataka niandike jina langu kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, halafu unachagua masharubu?"

Nikapandwa na hasira. "Kwani dada, sheria nimeitunga mimi?"

"Hukuitunga. Lakini wanaoweza kuibadilisha wanakuomba wewe kura. Mimi hawaniombi hata salamu."

Alinieleza kwamba wananchi wa kule walishakubali kwa kura ya maoni, sisi tukiwa bado watoto, kwamba haki hiyo ingeweza kupanuliwa kwa wahitimu wa vyuo vingine. Wabunge ndio hawakuitungia sheria. Mimi nilikuwa na kura na sikulijua hilo. Yeye hakuwa nayo na alilijua lote.

Bahati nzuri nilikuwa nimejaza namba kwa penseli. Nikazifuta. Tukazitoa zile barua za wagombea nilizokuwa nimezitupa kwenye sanduku la makaratasi, tukazisoma moja moja mpaka chai ikapoa. Walioahidi kupanua haki hiyo nikawapa namba za kwanza, kwa wino. Ndipo Neema akasaini. Kesho yake nikaipeleka posta, ile iliyo ndani ya duka la dawa, na jioni nikawaandikia wagombea wale barua pepe kuwauliza ahadi yao wataitimiza lini.

Tangu hapo kila uchaguzi tunafanya hivyohivyo. Sheria haijabadilika. Wengine wameniambia niache, jambo lenyewe ni la mbali. Siachi.

Basi sikia, mwanangu. Ukipewa nafasi ambayo mwenzako amenyimwa, usijione umemzidi akili. Soma kabla ya kuchagua. Wanaokuomba kura waulize habari za waliofungiwa nje, na usichoke kuuliza, hata wakikuona msumbufu. Nami ningeyajua haya mapema, nisingemwaibisha dada yangu mezani kwangu.

Mungu akupe macho ya kuwaona walioachwa nje, na akupe ubishi wa kutosha kuwasimamia. Bahasha ya safari hii imefika, iko kabatini, haina hata doa. Neema anakuja Jumamosi kusaini, na ubavuni pa jina langu hakuna shahidi mwingine ninayemtaka. Siku bahasha yake itakapofika, shahidi wake nitakuwa mimi. Nikiwa nimeshaondoka, mwanangu, ukasaini wewe.