Mama Chaji na Gari la Hapahapa

Yadi haijafunguliwa, na Mama Chaji amepiga magoti ndani ya gari jipya la umeme, analivalisha nailoni. Akivuta upande huu, inachomoka upande ule. Anabana kwa meno, anakata kwa mkasi, anahema kama anayemvalisha mtoto mkorofi sare ya shule.

"Dada, hilo ni gari au bwana harusi?" mlinzi anamuuliza kutoka getini.

"Wewe linda geti. Likinunuliwa leo, pilikapilika za sherehe utaziona."

Mama Chaji, jina alilobandikwa na mafundi kwa kuwa simu yake haikauki kwenye waya, ni muuzaji katika yadi hii kwa mwaka wa sita. Upande wa kulia yamepangwa magari ya umeme yaliyoshushwa kutoka ng'ambo, yanang'aa mpaka yanakera. Kushoto, kwenye kona yake, yapo mawili yaliyoundwa katika kiwanda cha ndani, mwendo wa saa nne tu kwa barabara. Bei yake ni theluthi mbili ya bei ya yale ya nje. Hata hivyo wateja huyapita mbiombio, kama wamemwona mtu anayewadai.

"Kosa lake ni moja, yametoka karibu," anasema. "Mtu akisikia gari limeundwa hapahapa, picha inayomjia ni shemeji yake aliyeshindwa kutengeneza pasi, ndiye kakaza nati."

Halafu kuna suala la nailoni. Magari ya nje hufika na kila kiti kimefungwa, na wateja wameizoea nailoni hiyo kama ndiyo cheti cha upya. Ya ndani huja yakiendeshwa, viti wazi, vumbi mpaka masikioni.

"Wananiambia, mama, hili limetumika. Nikiapa, wananionea huruma."

Ndiyo maana amenunua nailoni kwa pesa yake mwenyewe. Bosi amekwisha sema: mwezi ukiisha bila gari hata moja la ndani kutoka, kona inapewa magari ya nje, na Mama Chaji anarudi alikoanzia, dirisha la vipuri, kwa nusu ya kipato cha sasa. Na binti yake anaanza chuo mwakani.

Geti linafunguliwa. Wa kwanza kuingia ni dereva mstaafu wa lori na mkewe, fundi cherehani. Mzee hata hageuki kushoto. Anafungua mlango wa gari la ng'ambo, anaubamiza, anasikiliza akiwa amefumba macho.

"Unausikia mlango huo?"

"Kwani utasafiri mlangoni?" mkewe anamuuliza.

Gari linawashwa, linatoa maneno marefu ya lugha ya kwao. Mzee anatabasamu. "Hayo ndiyo mambo!"

"Limesema nini?"

"Sijui."

"Basi huenda linakutukana, nawe unalichekea."

Mama Chaji anadaka nafasi. "Wazee wangu, karibuni na huku mpumzishe macho. Hili linaongea Kiswahili."

"Tafadhali, funga mkanda," gari la ndani linasema.

Mzee ananuna. "Nyumbani naamriwa kwa Kiswahili. Barabarani nako?"

"Tunachukua hili," mkewe anasema papo hapo.

Mzee anapapasa kiti. "Haya, angalau nailoni ipo. Ni jipya kweli."

Mkewe anainama, anaivuta kidogo, anaisugua kwa vidole viwili. Kazi yake ni kushona foronya za magodoro.

"Mwanangu," anasema taratibu, "hii ni ya godoro."

Mlinzi anageuka kuitazama barabara kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha tangu aajiriwe.

"Ni ya godoro, mama," Mama Chaji anakiri. "Nimeifunga mimi asubuhi hii. Gari lilikuja wazi. Liliendeshwa kutoka kiwandani, likafika na vumbi tele, nikaogopa mtasema limetumika."

Mzee amekwisha shika njia ya kulia. Anasimama.

"Liliendeshwa? Kwa njia ipi?"

"Kwani zipo ngapi, mzee? Ileile ya mlimani."

"Ule mlima wa makona? Kwa chaji moja?"

"Moja. Na ikabaki."

Mzee aliupanda mlima huo na lori maisha yake yote ya kazi, na siyo mara moja wala mbili alilala katikati yake, boneti wazi. Anarudi polepole, analizunguka gari upya.

"Na lile la nje lilifikaje hapa?"

"Kwa meli, halafu juu ya lori."

"Yaani lilibebwa."

"Kama mgonjwa," mkewe anamalizia.

"Sasa binti," mzee anamgeukia Mama Chaji, "jambo lenyewe ukalificha, ukanionyesha godoro?"

Mama Chaji, mwanamke ambaye mafundi huapa hajawahi kukosa jibu, anamkabidhi ufunguo.

Wanalipeleka mlimani. Kwenye kona ya kwanza gari linasema, "Punguza mwendo."

"Umesikia?" mke anauliza kutoka kiti cha nyuma, kwa furaha ya mtu aliyepata msaidizi baada ya miaka mingi. Mzee analisikilizia gari linavyopanda bila kukohoa. Wanaporudi yadini, anaulizia akaunti ya kulipia. Anaomba nailoni ibaki. Mkewe anaichana palepale.

Bosi ameiacha kona mpaka mwisho wa mwaka. Mama Chaji tayari ana mpango: wateja wake awapandishe basi hadi kiwandani, kila mmoja akabidhiwe usukani getini na avuke mlima mwenyewe.

"Akifika hapa akiwa bado analitaka la nje, nitamuuzia na kumpigia makofi. Kamisheni ni kamisheni," anasema, huku akipiga simu kiwandani. "Haloo? Leteni mengine mawili. Na waambieni madereva wasithubutu kuyaosha."