Tiki Kwenye Ukurasa wa Sitini na Mbili

Sipendi kusoma hesabu za mtu mwingine. Nalisema mapema ili asije mtu akanisifu hapa mbele. Mimi Khamala nilifundisha chuo kikuu kwa mikataba ya muhula kwa muhula mpaka mikataba ikakauka, na sasa nafundisha watoto wa kidato cha nne sebuleni kwangu Kabiro, na macho yamechoka. Lakini kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa nne asubuhi, Ruweida Ramzy alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Makina hadi mlangoni kwangu, bahasha ya karatasi kwapani, na mimi nikamfungulia.

Ruweida ana miaka arobaini na minne. Ni Mnubi, na bado analala katika nyumba alimozaliwa. Anafundisha hesabu katika shule moja pale Kianda, na kabla ya kutoka asubuhi hupika gurusa, ile mikate myembamba ya kwao, maana mama yake ni mgonjwa na hataki kula kingine. Nilimfundisha shahada ya kwanza. Wenzake wakilalamika kuhusu mtihani, yeye alikuwa bado ananifuata na swali la wiki iliyopita. Alianza kunichosha tangu siku hizo.

Tasnifu yake ya udaktari ilihusu mitiririko ya kijiometri kwenye maumbo yaliyojengwa kwa namba changamano. Usikimbie, ni jambo la kueleweka. Chukua umbo lenye matuta na mabonde. Mtiririko ni kanuni inayoiambia kila sehemu ijinyooshe kulingana na ilivyopinda, kidogo kidogo, kama uji wa gurusa unavyojisambaza wenyewe kwenye chuma cha moto. Swali ni moja tu: ukiuacha uende bila mwisho, utatulia kwenye umbo moja, au utazungukazunguka milele? Ruweida alidai kwamba kwa maumbo ya aina fulani, unatulia. Miaka tisa ilikuwa ya kuthibitisha hilo neno.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Anasoma mstari, mimi nauliza, "Kwa nini?" Akijibu nikatosheka, natia tiki nyekundu. Asipojibu anasema, "Nipe wiki moja, Prof," anarudi nao Makina. Uprofesa wenyewe sina, ni wa kunitania. Hakuna tiki ya huruma, na mstari wenye tiki hatuurudii. Sheria hiyo niliiweka mimi, na nilijivunia sana.

Mwaka huu chuo kilimwandikia kwamba ameongezewa muda mara mbili na hakuna mara ya tatu. Atetee tasnifu Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa saba, la sivyo jina linafutwa. Jumamosi ya mwisho kabla ya hapo, nilikaa na tasnifu nzima, ile nakala yetu yenye tiki, nikaivunja sheria yangu na kuanza tena ukurasa wa kwanza. Ruweida alikuwa upande wa pili wa meza akinywa chai ya mke wangu, Njambi, na kusahihisha madaftari ya shule.

Ukurasa wa sitini na mbili nikasimama.

Hapo alikuwa amethibitisha hivi: ukilipiga umbo picha mara zisizo na mwisho, katika zile picha utaweza kuchagua rundo lisilo na mwisho linalokaribia umbo moja. Safi. Halafu mstari uliofuata ukasema: kwa hiyo mtiririko unatulia. Kando yake, tiki yangu.

Niliangalia hiyo tiki mpaka chai yangu ikapoa. Kuna jirani yetu hapa anaitwa Opondo. Mpige picha kila Jumatatu, utamkuta Kabiro kwa mke mkubwa. Mpige kila Ijumaa, yuko Kianda kwa mke mdogo. Kila rundo la picha limetulia kabisa. Opondo mwenyewe hajatulia hata siku moja.

Tarehe ya tiki ilikuwa pale, ya miaka minne iliyopita. Niliikumbuka. Nilikuwa nimesahihisha karatasi mia tatu za wanafunzi wiki hiyo, na kichwa kilikuwa kinauma. Ruweida alisoma mstari, nami sikuuliza. Nilitia tiki nikasema, "Endelea."

"Mwalimu," nikamwambia, "ukurasa wa sitini na mbili."

Hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Niliuona mwezi wa tatu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuletea sura hiyo mara nne, Prof. Nilikudanganya nimerekebisha herufi. Nilikuwa naomba uulize, na nilikuwa naomba usiulize. Nikasema ukiupita tena, labda ni mimi nimechoka na shimo halipo."

"Na nikaupita."

"Mara nne."

Niliona aibu, na nikiona aibu huwa nakuwa mkali. Nikamwambia asijifanye malaika, watahini wote wamesoma tasnifu yake na hakuna aliyeandika neno juu ya ukurasa huo. Aende Alhamisi, atetee, avae kofia ya udaktari, shimo tutaliziba baadaye. "Mimi sijaona kitu," nikasema. Njambi aliyekuwa anapita na birika alinitazama, akaenda zake.

Ruweida alichukua kalamu yangu nyekundu, akaikata ile tiki. Akanirudishia kalamu.

"Niulize," akasema.

"Wacha, Ruweida."

"Niulize vile unaulizaga."

"Kwa nini?"

"Sijui," akasema. Kwa miaka tisa sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Akakusanya madaftari, akamuaga Njambi, akaondoka.

Alhamisi alienda. Alisimama mbele ya watahini, na kabla hawajauliza lolote akawafungulia ukurasa wa sitini na mbili, akawaonyesha mwenyewe. Wakamshukuru kwa uaminifu wake. Barua ya kufutwa jina ilifika wiki iliyofuata, na uaminifu haukutajwa ndani yake. Mimi nililala siku mbili nimegeukia ukuta, Njambi akisema chakula, mimi nikisema sina njaa. Ile tiki ilikuwa yangu, na aliyelipa ni yeye.

Jumamosi saa nne, hodi.

Alikuwa na bahasha, nyembamba. Ndani mlikuwa na karatasi moja.

"Ya nani hii?" nikamuuliza. "Chuo huna tena."

"Mstari bado upo."

Nikavuta kiti, nikashika kalamu. Hakuanza kusoma. Aliniangalia macho kwanza, moja baada ya jingine, kama nesi.

"Umelala?" akauliza.

"Jana sikulala vizuri."

Akairudisha karatasi kwenye bahasha. "Basi lala," akasema. "Nitarudi saa nane."