Visanduku Vitatu vya Shangazi Ludia

Puu. Nyuma ya nyumba kulianguka kitu kizito, kama gunia lililotupwa kutoka juu ya lori, na chai ikatikisika vikombeni kabla yeyote kati yetu hajageuka kutazama dirishani. Ndivyo ninavyoikumbuka siku hiyo, mwanangu, kwa sauti yake kwanza. Ilikuwa theluji tu. Ilikuwa imelala juu ya paa tangu Desemba, jua la Machi likaikumbusha kwamba ina uzito, ikateleza yote kwa mara moja. Bwana wa bima tuliyekuwa tumeketi naye mezani akatabasamu, akafungua mkoba wake, akasema kwa Kiswidi, "Basi tumepata pa kuanzia."

Laiti ningaliisikiliza sauti ile. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na masikio ya umri huo husikia sifa kuliko onyo.

Tulikuwa Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm, katikati ya miaka ya themanini, kwenye mtaa mdogo wa wastaafu: nyumba kumi na mbili zisizo na ghorofa, zimeshikana mabega mstari mmoja chini ya mteremko wa misonobari. Kila mzee alimiliki yake. Ya nne ilikuwa ya Shangazi Ludia. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Yeye alikuwa Mtaveta wa Kenya, mimi Msukuma wa Mwanza. Lakini Stockholm ya miaka ile, ukikutana na mtu anayesema Kiswahili, undugu ulianzia hapo hapo na maswali yakafuata baadaye. Mumewe, Gunnar, alikuwa mjenzi wa madaraja aliyefanya kazi Kenya miaka mingi. Alisema Kiswahili vizuri kiasi kwamba Shangazi hakuona haja ya Kiswidi zaidi ya kile cha dukani na kanisani. Kisha vuli moja Gunnar akafariki, na barua zilizokuwa zikija kwa jina lake zikaanza kuja kwa jina la mkewe, katika lugha ambayo siku zote alikuwa amemwachia mumewe aibebe.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nikiishi Alby, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, nikisomea uuguzi, Kiswidi changu kimenyooka, na nilipenda watu wajue kwamba kimenyooka. Kila Jumamosi nilipanda treni hadi mjini, nikabadilisha, nikaenda kumsomea barua zake. Alinishukuru kwa mandazi ya iliki. "Waswidi nao wanatia iliki kwenye mikate yao," alipenda kusema, "kwa hiyo si watu wabaya."

Siku ile shughuli ilikuwa bima ya nyumba. Ile ya Gunnar ilikuwa imekwisha pamoja naye; ilitakiwa mpya kwa jina la Shangazi. Moto na wizi vilikuwemo tayari ndani ya mkataba. Chini yake palikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama, vya majanga ya asili, kila mwenye nyumba achague mwenyewe kwa kutazama mahali nyumba yake ilipo. Bwana wa bima, mtu mpole, soksi yake moja ikionyesha tundu kidoleni kwa kuwa viatu tulikuwa tumevivua mlangoni, aliweka kalamu juu ya karatasi na kunitazama.

"Mwulize," akasema. "Dhoruba ikiangusha msonobari juu ya nyumba, anataka bima ilipe? Theluji ikivunja paa? Na theluji ya mteremkoni ikiyeyuka kwa haraka, maji yakaingia kupitia mlango wa nyuma?"

Nisikilize vizuri sasa, mwanangu, kwa maana hapa ndipo nilipojikwaa. Mimi nililelewa na bibi ambaye ukisema mbele yake kwamba mvua hii itabomoa nyumba, alikutoa nje uteme mate chini, uchuro ukutoke mdomoni. Kwetu mtoto hakai kwenye kiti cha mkubwa wake, akanywa chai yake, huku akimhesabia namna nyumba yake itakavyoanguka. Tena mjane. Tena kofia ya marehemu bado inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Maneno ya namna hiyo hayasemwi. Kwa hiyo nikameza maswali matatu, nikatoa moja laini.

"Shangazi, anauliza kama nyumba ina shida yoyote."

"Mwambie Mungu ni mwema. Haina shida."

Nikamgeukia yule bwana. "Anasema hahitaji hayo."

Akasita. "Yote matatu? Ameelewa nilichouliza?"

"Kabisa," nikasema, nikaongeza tabasamu.

Visanduku vikabaki vitupu. Shangazi akaweka saini yake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda mbegu. Nami nikarudi Alby nimeshiba mandazi, nikijisifu moyoni kwamba nimemstahi mzee.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ulimi hujikwaa kwa kusema sana. Wangu ulijikwaa kwa kunyamaza.

Aprili ikaja na joto lisilo na subira. Mwaka ule theluji ilikuwa nyingi, na kwa siku chache tu mteremko wote uligeuka kuwa mifereji inayong'aa. Ukisimama chini yake ulisikia msitu mzima ukinong'ona. Jumanne, saa tano asubuhi, simu ikalia.

"Pendo," akasema Shangazi, sauti yake imetulia kama kawaida, "njoo na buti. Nyumba inanawa miguu."

Nilipofika, maji yalikuwa yamepita chini ya mlango wa nyuma na kutandaa hadi chumbani kwake, safi, baridi, majani membamba ya misonobari yakielea juu. Nyumba tatu tu ndizo zilizopatwa, yake na zile mbili za pande zake, kwa sababu mteremko ulikuwa umeinama kuelekea hapo. Jirani wa nyumba ya tano, Bwana Sten, dereva wa treni mstaafu, alipita na ndoo.

"Ludia," akamwita, "mjini watu wanalipa zaidi kwa nyumba yenye ziwa."

Shangazi akacheka. Hilo alilielewa bila mimi.

Kesho yake kwa Sten, na kwa yule wa nyumba ya tatu, bima zao tayari zilikuwa zimewaletea mashine kubwa za kukaushia, zinanguruma nyuma ya kuta pande zote mbili. Kwetu kulikuwa kimya, maji bado yametuama. Sakafu ilikuwa imeanza kuvimba. Sakafu ile Gunnar aliitandika mwenyewe, ubao kwa ubao, mwaka waliohamia. Alikuwa akisema amejenga madaraja mengi ya watu kupita, sasa anamjengea mke wake moja la kukaa.

Bwana wa bima akaja. Akachuchumaa, akaubonyeza kwa kidole gumba ubao uliovimba ukainuka juu ya maji, matone yakatoka kama machozi pembeni. Akainuka, akatoa nakala ya karatasi, akanionyesha visanduku.

"Mwambie nasikitika sana," akasema. "Mwambie niliuliza, na alikataa."

Shangazi akanigeukia. "Anasema nini?"

Mwanangu, kati ya swali lile na jibu langu palikuwa na pumzi moja tu, lakini nimeishi ndani yake miaka mingi. Ningeweza kusema kampuni imekataa. Ningeweza kusema sheria za Waswidi ni ngumu. Angeniamini, na tungewalaumu pamoja juu ya chai mpaka mwisho wa siku zake. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua lugha zote mbili. Mkalimani amesimama kwenye mlango kati ya watu wawili, na ufunguo anao yeye peke yake. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maradhi yangu, yamenifika kwenye vifundo vya miguu.

"Anasema siku ile aliuliza kuhusu dhoruba, na paa, na maji ya mteremko," nikasema. "Sikukwambia. Niliona ni uchuro kuyataja ndani ya nyumba yako. Nikamjibu mimi, kwa jina lako."

Kisha nikamwambia ukweli huo huo yule bwana, kwa Kiswidi. Akafunga mkoba wake taratibu. Saini ndiyo inayosema, alijibu, mkalimani hasemi. Hakulisema kwa ubaya. Akaondoka.

Shangazi akavuta kiti, akakaa, miguu majini.

"Pendo, unajua nimezaliwa wapi?"

"Taveta, Shangazi."

"Taveta, kando ya mto. Mto ule masika ulikuwa unatutembelea nyumbani kama shemeji, bila kubisha hodi. Mama yangu alitupandishia mahindi darini kabla hatujaona wingu. Kila mwaka alisema, 'Mwaka huu unakuja,' na hakuna aliyemwambia anatuchuria. Sasa wewe ukaona mimi nitaogopa jina la maji?"

Akageukia mlango wa nyuma.

"Mteremko huo nimeutazama tangu Novemba. Nilikuwa nangoja mtu aniulize." Akapitisha mkono juu ya maji, kama anayelaza nywele za mtoto. "Umeniheshimu, mwanangu. Umeniheshimu kama anavyoheshimiwa maiti. Maiti ndiye husemewa na watu, naye hawezi kupinga. Mzee aliye hai mpe neno zima, hata likiwa gumu, alitafune mwenyewe. Meno bado ninayo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mbao ziling'olewa zote. Mimi na Sten tulizitoa nje tukazipanga kwenye nyasi, na Shangazi alizitazama kila moja ikipita. Kuitengeneza nyumba upya kulishinda pensheni yake. Kufikia Juni alikuwa amekubali kuwauzia nyumba mke na mume kutoka kaskazini, waliokuwa na nguvu ya kutandika sakafu nyingine, naye akapata nyumba ya kupanga Skärholmen, kitongoji kingine cha Stockholm, ghorofa ya tatu, karibu na stesheni. Alikuwa amekusudia kufia juu ya sakafu aliyotandikiwa na mumewe. Hilo ndilo nililomnyang'anya kwa adabu zangu.

Nilidhani atatafuta mtu mwingine wa kumsomea. Wiki ya kuhama akaniita, akanikalisha mezani katikati ya maboksi, akaniwekea mbele karatasi za bima ya huko Skärholmen.

"Soma. Neno kwa neno, hata yale yanayouma."

Nikasoma. Midomo ilikuwa mizito, bibi yangu wa Mwanza akinitazama kutoka mbali, tayari kunitoa nje niteme mate, lakini nikasoma yote. Na kwa kila janga Shangazi aliuliza swali moja: "Hili linajua njia ya kuja kwangu?"

Mafuriko ya kutoka nje. "Ghorofa ya tatu? Litachoka ngazini. Acha."

Theluji kuvunja paa. "Paa ni la mwenye jengo. Acha."

Dhoruba kuvunja madirisha na kuharibu vilivyomo ndani. Hapo akafikiri. "Dirisha kubwa linatazama wapi?" Nikamwambia magharibi, uwanja mtupu mbele yake. "Upepo huo unanijua. Tia alama." Akanitazama nikitia, kisha akaivuta karatasi, akanionyesha kwa kidole mahali nilipotia, kuhakikisha. Akanisukumia sahani ya mandazi. Hivyo ndivyo alivyonisamehe. Neno lenyewe hakulisema.

Basi, mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, wewe ambaye nakusemesha kwa Kiswahili ukanijibu kwa Kiswidi, wewe ambaye mama yako anakushika mkono kwenda ofisini uwe ulimi wake, nakuachia haya. Ukitumwa neno, lifikishe lote. Usilipunguze kwa huruma wala kwa aibu. Huruma inayomnyima mtu nafasi ya kuchagua ni wizi wenye sura nzuri. Kulitaja janga si kulialika. Linakuja kwa miguu yake, na mtu aliyelitaja mapema ndiye atakayekuwa ameshapandisha mahindi darini. Ukimsaidia mzee kuchagua bima, mtoe kwanza nje, mtembee naye kuizunguka nyumba yake. Mtazame mti ulipoegemea, paa lilivyolala, maji yanakopita theluji ikiyeyuka. Halafu mwulize yeye, kwa sababu ameishi hapo na macho yake ameyatumia. Asinunue kila hofu inayouzwa, wala asikatae kwa kuogopa kutamka. Na ukikosea, nawe utakosea, sema siku hiyo hiyo, mkiwa bado mmesimama majini pamoja.

Mungu akupe ulimi mzima na masikio marefu. Wakubwa wako wazeeke juu ya sakafu kavu, na siku watakapokuuliza, "Anasema nini?", usiwe na cha kumeza.

Siku ya kuhama nilibaki ndani nikiangalia kama kuna kilichosahaulika. Saruji ilikuwa tupu, na hatua za Shangazi juu yake zilisikika kubwa kuliko yeye mwenyewe. Alifika mlangoni, akaitoa kofia ya Gunnar kwenye msumari, akaivaa, ikamfunika mpaka kwenye nyusi. Bwana Sten alikuwa nje na gari lake dogo, akipiga honi mara mbili kama treni inayotoka stesheni. Shangazi akavuka kizingiti bila kugeuka nyuma, akaurudisha mlango kwa mkono wake mwenyewe, na ukafunga.