Siku Mkaguzi Alipokwama Dirishani

Chekeni tu, aibu hii nimeizoea, imenifuata Ruiru nzima tangu miaka ya hamsini, na leo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wakiitia chumvi.

Nilikuwa mwalimu wa majaribio kwenye shule moja katikati ya mashamba ya kahawa, na mkaguzi kutoka Thika alikuwa aje kuniona nikifundisha ndipo aseme kama nathibitishwa kazini au la. (Baba yake Nyambura, mchumba wangu, alishasema wazi kwamba binti yake haolewi na mwalimu wa majaribio, kwa hiyo mnaona wenyewe nilivyobanwa.) Somo lilikuwa wakati uliopita na hali timilifu, yaani -li- na -me-, na watoto nilikuwa nimewazoeza hivi: lolote likitendeka mbele yao, wote wanalitaja kwa pamoja, bila kuulizwa. Nikikaa, "Mwalimu amekaa!" Nikiuliza ya jana, "Jana mwalimu alikaa!"

Mkaguzi, mtu mnene wa suti, aliingia akitoka kunywa chai kwa mwalimu mkuu, birika zima. Mimi, badala ya kufuta ubao ili watoto wataje, kama kila siku, nikaona nimwonyeshe ustadi, nikaufunga mlango kwa ufunguo.

"Mwalimu amefunga mlango!"

Mkaguzi akatabasamu. Nikazungusha nifungue, kitasa kile kikuukuu kikanigomea, nikaongeza nguvu.

"Ufunguo umevunjika!"

Nikaendelea kufundisha kana kwamba hakuna jambo, mpaka mkaguzi, ambaye ile chai ilishaanza kumsumbua, akaninong'oneza, "Mwalimu, mimi lazima nitoke. Sasa hivi." Njia ilikuwa dirisha moja tu, nalo kamati ya shule ilikuwa imelijenga dogo kwa kuogopa wezi. Akatanguliza kichwa, mabega yakapita, tumbo likakataa.

"Mkaguzi amekwama!"

"Nyamazeni!"

"Mwalimu amekasirika!"

"Ngai! Sukuma, wewe!" mkaguzi akalia kutoka upande wa nje, ambako akina mama waliokuwa wakichuma kahawa walishasimama kutazama. Nikamsukuma kwa bega, akatoka, suruali ikararuka, lakini alikuwa amechelewa. Kilichofuata sitakisema. Watoto walikisema.

Sikuthibitishwa. Nilipewa mwaka mwingine wa majaribio, na usiku huo nililia, sifichi, maana niliona Nyambura ndiye huyo anakwenda. Jumapili, nje ya kanisa, baba yake akanishika mkono mbele ya watu, uso mkavu.

"Mwalimu, nasikia watoto wako wameelewa somo."

"Ndiyo, Mzee," nikasema, nikitazama viatu vyangu.

"Basi. Hiyo nyumba utakayomjengea binti yangu, weka madirisha makubwa."

Niliyaweka, makubwa kweli, hata mkaguzi angepita. Na mlango wetu mpaka leo hufungwa na Nyambura. Mimi ufunguo siugusi.