Wajomba wa Dranya Walipozuiwa Njiani

Naikumbuka vizuri, mwanangu, wiki ile ya uchaguzi wa bunge kabla ya Uhuru, mama mkwe wangu alipofariki hapa Dadamu, karibu na Arua. Siku hizo Waprotestanti walikuwa na chama chao, Wakatoliki chao. Ukivaa rozari, kura yako ilijulikana hata kabla hujasalimia.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikipigia debe chama cha Waprotestanti. Lakini mama yake, huyo mama mkwe, alizaliwa Dranya, upande wa Koboko, kwa Wakatoliki watupu. Na desturi yetu unaijua: mwanamke hateremshwi kaburini mpaka ndugu zake wamwone.

Walifika asubuhi wamechoka kwa mwendo, wakiongozwa na kaka wa mama mkwe. Mume wangu akawazuia pale pa kuingilia nyumbani.

"Nyinyi iko watu ya chama ile. Nakuja kuiba watu yangu kwa matanga!"

Mjomba wake hakupandisha sauti. "Mimi nakuja kuzika dada yangu. Kura itakuja ingine. Mama yako iko moja tu."

Wakaketi kando ya barabara. Wachimba kaburi, wote wa chama cha mume wangu, wakaweka majembe chini, wakakataa kuchimba mpaka ndugu zake waingie. Jua likapanda. Mimi, mkwe mgeni nisiye na kauli, nilikaa ndani nikimfukuzia marehemu nzi kwa kitenge. Bibi yule alinipokea vizuri mno, nami niliona uchungu kweli kumwona analala hapo kwa sababu ya siasa.

Mchana mume wangu alitoka mwenyewe na kibuyu cha maji, akapiga magoti mbele ya mjomba wake. Mzee akanywa, akainuka, akaingia akimlilia dada yake kwa sauti. Tukazika.

Mgombea wetu alishinda. Akaenda zake Kampala, na hata pole yake hatukuisikia.

Sasa wewe na binamu yako mmenuniana tangu kampeni za juzi, hadi majirani wanacheka. Mpigie debe umtakaye, mbishane sokoni Arua mpaka koo likauke. Lakini kwenye msiba usimzuie mtu njia kwa ajili ya chama. Na usingoje msiba; leo jioni nenda kwake, uanze wewe kusalimia.

Mungu akupe uzee mrefu, mwanangu. Na siku yako ikifika, wakubebe watu wasiouliza ulimpigia nani kura.